Mtumikie Kafiri Upate Mradi Wako? Maswali Kuhusu Babu Zetu Waliolitumikia Dola la Mdachi

Kila Februari 27 Songea huwakumbuka mashujaa wake wa Vita vya Maji Maji, walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Majina yao yameandikwa, yanasomwa, yanaliliwa. Ikishapita siku hiyo maswali huanza kunifikia, na karibu yote yanawahusu watu ambao majina yao hayasomwi: askari waliolinda kitanzi, akida aliyekusanya kodi, karani aliyeandika orodha, jumbe aliyetoa vijana wa kwenda kulima pamba. Wengi wa wanaouliza ni wajukuu na vitukuu wa watu hao, na huuliza kwa sauti ya chini. Hapa nimeyaweka pamoja yale yanayorudi mara nyingi. Zaidi nimezungumzia Afrika Mashariki ya Wajerumani, au Wadachi kama wazee walivyowaita, kati ya 1885 na 1918. Kenya ya miaka ya 1950 imeingia kwa sababu wasomaji wa huko wanauliza lilelile, tena kidonda chao bado kibichi.

Ni kweli tulitawaliwa kwa mikono yetu wenyewe?

Ni kweli, na hesabu yake iko wazi. Mwaka 1914, vita vilipoanza, jeshi la Wajerumani katika koloni hili lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500, na Wajerumani waliowaongoza hawakufika 300. Ukiwakusanya Wazungu wote wa nchi nzima, na wamisionari, walowezi, wanawake na watoto wao, walikuwa kama 5,300. Wenyeji walizidi milioni 7. Eneo lenyewe ni Tanganyika, Rwanda na Burundi.

Kwa hiyo katikati palihitajika ngazi ya watu. Juu kabisa gavana, Dar es Salaam. Katika boma la wilaya, bwana shauri. Chini yake liwali katika miji ya pwani, akida katika tarafa, jumbe katika kijiji, karani mezani, askari mlangoni, mnyapara shambani. Mkulima wa Umatumbi angeweza kumaliza mwaka mzima hajamwona Mdachi hata mmoja. Serikali aliyoijua yeye ilivaa kanzu na kusema Kiswahili, au ilivaa sare na kushika bunduki, na ngozi yake ilikuwa kama ya kwake.

Walikuwa nani, na walitoka wapi?

Kundi la kwanza la askari halikutoka hapa. Mwaka 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim huko Pangani na Bwana Heri wa Sadani, waliifukuza kampuni ya Kijerumani iliyokuwa imekodi pwani kutoka kwa Sultani wa Unguja. Berlin ikamtuma Hermann von Wissmann. Mwaka 1889 alikuja na Wasudani mia kadhaa aliowaandikisha Cairo, na wengine kutoka Msumbiji ambao hapa waliitwa Wazulu au Washangaa. Kwa watu hao Abushiri alishindwa, akanyongwa Pangani Desemba ya mwaka huohuo.

Wasudani wale walituachia maneno. Ukimwita polisi "afande" leo, Dodoma au Nakuru, unatamka cheo cha Kituruki kilichopita Misri kikaja nao. Ombasha (koplo) na shaushi (sajini) vilipita njia hiyohiyo.

Baadaye jeshi lilijazwa na watu wa bara, hasa Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Maakida ni habari nyingine. Cheo hicho kilikuwapo pwani kabla ya Mdachi. Mdachi alikiokota tu, akakipandisha bara. Akawachukua watu wa pwani waliojua kusoma na kuandika, akawapeleka kuwatawala watu wasio ndugu zao, wasio na makaburi ya wazee wao katika nchi ile. Sidhani kama hilo lilitokea kwa bahati. Mtu asiye na mjomba kijijini hana wa kumwonea haya.

Walilazimishwa au walitaka wenyewe?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na kila mara huwa nauliza nami: unamsema nani, na wa mwaka gani?

Msudani wa 1889 alikuwa askari wa Misri ambaye nchi yake ilikuwa imechukuliwa na waasi wa Mahdi. Yuko Cairo, kazi hana, kwao hawezi kurudi, ana mke na watoto. Anakuja mtu na mkataba wa mshahara. Je, huyo alilazimishwa? Hakuna aliyemshikia kisu. Je, alitaka? Mwulize mwenye njaa kama anataka kula.

Kijana wa Unyamwezi naye alikuwa na habari yake. Baba yake alikuwa mpagazi, na upagazi kwa Wanyamwezi ulikuwa kazi ya heshima: kijana asiyepata kufika pwani hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili. Kisha reli ikaanza kusogea kutoka Dar es Salaam. Ilipofika Tabora mwaka 1912 misafara ilikuwa inakufa. Huku kodi ya nyumba, iliyoanza 1898 kwa rupia 3, inadaiwa bila kujali umevuna au hukuvuna. Rupia zilipatikana kwa mzungu tu: shambani kwake, relini kwake, au jeshini kwake. Katika hayo matatu, jeshi lililipa vizuri zaidi na ndilo pekee ambalo watu walikupisha njia ukipita.

Yupo pia aliyetoka katika utumwa. Huyu hatumsemi sana, na nadhani ni kwa sababu anatutia haya sisi wa pwani. Mtu aliyeuzwa akiwa mtoto, asiye na ukoo wa kumdai wala wa kumtetea, akivaa sare anakuwa "mtu wa serikali". Aliyekuwa bwana wake sasa anamwamkia yeye. Kumwambia mtu huyo kwamba amewasaliti watu wake ni kumwuliza jambo ambalo hana jibu lake: watu wake ni akina nani?

Wazee wa pwani walikuwa na methali ya kuituliza nafsi: mtumikie kafiri upate mradi wako. Maana yake, tumika, lakini moyo usiutoe. Chukua unachokihitaji, uondoke. Naamini wengi waliingia kwa nia hiyo. Shida ni kwamba dola lilijua kumfunga mtu. Askari alipewa mahali pa kujenga karibu na boma, akaoa, akazaa, akawa na watoto wa kumbebea bunduki na mizigo, akawa na jina. Kijiji kile cha askari ndicho kilichokuwa ukoo wake mpya. Kuacha kazi ilikuwa kuacha nyumba, mke na rafiki kwa siku moja, tena kurudi miongoni mwa watu waliokumbuka alivyowapiga. Wenzake nao walimtazama. Anayesita kuchapa anatazamwa na bwana shauri kwa upande mmoja na ombasha wake kwa upande wa pili, na wanaotazama zaidi ni wanakijiji waliokusanywa. Wakimwona anasita, kesho hawatamwogopa, na askari asiyeogopwa yuko peke yake katikati ya watu mia tano.

Jibu langu basi ni hili. Walioingia, wengi wao waliingia kwa mlango mwembamba. Lakini mle ndani hapakuwa na usiku mtupu. Kila siku ilibaki nafasi ndogo. Kiboko kinaweza kushuka kwa nguvu zote au nusu yake. Ghala linaweza kuonekana au lisionekane. Masimulizi ya vijiji huikumbuka nafasi hiyo vizuri sana: yupo akida anayetajwa kwa laana hadi leo, na yupo anayetajwa kwa kusema tu "yule alikuwa na utu".

"Hamsa ishirini" ni nini?

Ni viboko 25. Amri iliyotoka Berlin mwaka 1896 iliweka kuwa mtu asichapwe zaidi ya 25 kwa mara moja, na mara ya pili isubiri wiki mbili. Waliita huko kupunguza ukali. Wanawake walisamehewa, na Waarabu na Wahindi pia, hivyo kiboko kikawa cha Mwafrika mwanamume.

Mjerumani alitoa hukumu, aliyechapa alikuwa askari. Na askari mwenyewe akikosa, alilazwa chini vilevile, akachapwa na mwenzake.

Methali inasema mjumbe hauawi. Kwa nini Maji Maji iliwageukia maakida na majumbe?

Kwa sababu ya pamba, zaidi ya lolote. Kuanzia 1902 serikali ya Gavana von Götzen iliamuru kila jumbe awe na shamba la pamba la pamoja. Watu wake walitakiwa kulifanyia kazi siku 28 kwa mwaka. Mapato yaligawanywa, fungu moja likaenda kwa jumbe, na kilichomfikia mlimaji kilikuwa kidogo hata wengine wakakataa kukipokea. Siku zilezile za pamba ndizo zilizokuwa siku za mtama na mpunga wao. Nguruwe hawakungoja pamba iishe kuchumwa.

Sasa mwangalie jumbe. Mara nyingi si mgeni kama akida. Ni mtu wa palepale, mwenye shangazi na wakwe. Akipeleka watu pungufu, yeye ndiye anayelazwa chini au kutiwa mnyororo. Akipeleka wote, anaangalia shamba la mtama la kaka yake likiliwa na nguruwe, na jioni anakula naye. Anapokea fungu lake la mapato na kila mtu anajua. Nimesoma na kusikia mengi kuhusu Maji Maji, lakini hakuna mtu ninayemfikiria mara nyingi kama jumbe huyu.

Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba. Kung'oa miche kulikuwa kutangaza vita. Walimwandama akida wa Kibata, wakachoma, wakashuka kuelekea pwani. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyetoa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro Agosti 4, lakini maji yalikuwa yamekwisha kusambaa. Boma la Liwale likachomwa mwezi huohuo. Agosti 30 maelfu walilivamia boma la Mahenge na kufyekwa na bunduki za rashasha.

Mjumbe aliuawa kwa sababu watu hawakumwona tena kuwa mjumbe. Methali ile inamlinda aletaye maneno ya mwingine na kurudi. Akida hakurudi kokote. Alikaa palepale, akala palepale. Hata hivyo si kila jumbe aliandamwa. Wapo walioyapokea maji na kuongoza watu wao vitani, tena wengi. Wapo waliokimbilia bomani na familia zao. Na wapo waliojificha porini wakingoja kuona upande upi utashinda. Hao wa mwisho wanachekwa katika masimulizi, nami siwacheki.

Kilichofuata ni njaa ya makusudi. Vikosi vilitembea kijiji hadi kijiji kuchoma maghala na mashamba yaliyosimama, wakifuatana na rugaruga, wapiganaji wa kukodiwa, ambao malipo yao yalikuwa ng'ombe na wanawake wa walioshindwa. Wajerumani wenyewe waliandika vifo 75,000. Wanahistoria waliofuatilia baadaye wanakadiria 250,000 hadi 300,000, walio wengi kwa njaa na maradhi. Mikono iliyoshika vienge ilikuwa ya Waafrika. Anayeandika habari za Maji Maji akaliacha hilo anawadhulumu waliokufa.

Kuna aliyejaribu kuwatumikia wote wawili, Mdachi na watu wake?

Mpangile wa Uhehe. Mwaka 1891, pale Lugalo, jeshi la kaka yake Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilikifuta kikosi cha Kijerumani cha Zelewski. Wajerumani walirudi 1894 wakaivunja ngome yake ya Kalenga, lakini Mkwawa aliponyoka, akawa anapigana akiwa msituni. Ilikuwa lazima wapate mtu wa kukalia kiti chake. Desemba 1896 walimsimika Mpangile.

Fikiria kiti hicho. Mbele yako Kapteni Prince anataka watu watulie na walete chakula. Nyuma yako, msituni, yuko kaka yako, na kila mtu anayekuja kukuamkia pengine jana alimpelekea unga. Hata miezi miwili haikutimia. Februari 1897 Wajerumani walimshuku kuwa anamsaidia Mkwawa kwa siri, wakamuua. Alidumu siku hamsini hivi. Mkwawa alijiua Julai 1898 ili asikamatwe, na fuvu lake halikurudi nchini hadi 1954. Mkwawa ana makumbusho Kalenga. Mpangile anatajwa kwa mstari mmoja, na mara nyingi mstari wenyewe ni "kibaraka". Ni kibaraka wa namna gani anayeuawa na aliyemweka?

Na wale waliowatumia Wajerumani kwa ugomvi wao wenyewe?

Walikuwapo, na tusifiche. Kule Kilimanjaro mangi (chifu wa Kichagga) Marealle wa Marangu alijua kuwaelekeza Wajerumani dhidi ya wapinzani wake. Masimulizi ya Wachagga yanamtaja yeye nyuma ya mashtaka yaliyomfikisha Mangi Meli wa Moshi kwenye mti wa kunyongea Machi 2, 1900, pamoja na viongozi wengine wa Kichagga na Kimeru. Merere wa Usangu aliungana na Wajerumani kwa sababu Wahehe walikuwa wamemnyang'anya nchi. Machoni pake adui alikuwa Mkwawa. Neno "sisi Waafrika" tunalolitumia leo kuwahukumu watu hawa wao hawakuwa nalo.

Kuna waliokataa au waliotoka?

Wapo. Hassan bin Omari Makunganya wa Kilwa angeweza kupatana na Wajerumani akaishi kwa raha. Alipigana, akanyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895, penye mwembe ambao bado unaitwa Mwembe Kinyonga. Upande wa Waingereza, mwaka 1897 askari wa Kisudani huko Uganda waliasi, wamechoshwa na mshahara mdogo unaocheleweshwa na safari zisizokwisha. Wajerumani waliishi na hofu hiyohiyo: mwaka 1908 ilipozagaa ile "barua ya Makka" iliyowaita Waislamu waiache dunia ya makafiri, lililowatia baridi zaidi ni uwezekano wa kuwafikia askari. Na katika vita vya 1914 hadi 1918, askari wengi walitoroka usiku kadiri jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lilivyorudi nyuma kuelekea Ruvuma. Wengine waliotekwa walivalishwa sare ya King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza, wakageuzwa kupigana na waliokuwa wenzao. Kikosi cha 6 cha KAR kilianza hivyo mwaka 1917.

Kwa hiyo anayesema "hawakuwa na njia nyingine" hasemi kweli yote. Njia ilikuwapo. Ilikuwa na bei, na wengi wetu tusingeilipa.

Wapagazi nao tuwahesabu kuwa watumishi wa dola?

Hapana. Mtu aliyekamatwa shambani kwake akabebeshwa sanduku la risasi hana cha kuulizwa. Waingereza peke yao walikusanya wapagazi wapatao milioni moja katika vita vile, na waliokufa kwa hesabu yao wenyewe wanazidi 95,000, kwa kuhara, malaria na njaa zaidi ya risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi, limetoka kwa kikosi chao. Mnara wa Nairobi unawaita miguu na mikono ya jeshi. Miguu na mikono haiulizwi inataka kwenda wapi.

Makarani na walimu je? Wao hawakumpiga mtu.

Hawakumpiga, lakini daftari la kodi ndilo lililomwonyesha askari nyumba ya kwenda. Wengi walitoka shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kuanzia 1904 gazeti la *Kiongozi* lilichapishwa hapohapo, likisomwa na kuandikiwa na watu wa aina yao. Ukiyapitia maandishi yao unaona watu wanaoipenda kazi yao, wanaojivunia hati nzuri na saa mfukoni.

Martin Kayamba ni mfano wa maisha hayo. Wajerumani walimfunga wakati wa vita wakimshuku kuwa mtu wa Waingereza, kisha akapanda vyeo katika serikali ya Waingereza kuliko karani yeyote Mwafrika wa wakati wake. Mwaka 1922, huko Tanga, alianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Chama hicho kilikuwa cha heshima na adabu, hakikudai uhuru. Lakini mtu wa Bukoba na mtu wa Tanga walijifunza mle kukaa meza moja na kuandika malalamiko kwa lugha moja.

Watoto wa askari walikuwaje?

Hapa napenda kusimulia habari za ukoo mmoja unaojulikana. Sykes Mbuwane alikuwa mmoja wa wale waliotoka Msumbiji na Wissmann. Mwanawe, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894, aliitwa Kleist, jina la afisa wa Kijerumani. Kleist alipigana chini ya Lettow-Vorbeck. Mwaka 1929 huyohuyo Kleist Sykes alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa African Association, Dar es Salaam, akawa katibu wake. Wanawe Abdulwahid na Ally walivaa sare ya KAR, wakapelekwa Burma katika Vita vya Pili. Waliporudi, chama cha baba yao kikawaka upya mikononi mwao, na Julai 7, 1954, TANU ilipozaliwa walikuwamo. Kadi namba 1 ni ya Julius Nyerere, namba 2 ya Ally Sykes, namba 3 ya Abdulwahid.

Babu alikuja kuzima moto wa Abushiri, wajukuu wakaukoka mwingine. Sisemi kwamba hilo linafuta lile. Nasema watu wanaotaka kuugawa ukoo mzima kwa neno moja watapata shida na ukoo huu.

Kenya hali ilikuwaje kwa Home Guard?

Ilikuwa karibu zaidi, na kwa hiyo mbaya zaidi. Akida alikuwa mgeni. Home Guard, mlinzi wa kijiji aliyeandikishwa na serikali kupambana na wapiganaji wa Mau Mau, alikuwa jirani, mara nyingine mtoto wa mama mmoja na aliye msituni. Chifu Waruhiu wa Kung'u aliuawa Oktoba 7, 1952, na hali ya hatari ikatangazwa Oktoba 20. Walinzi hao, wengi wao Wakikuyu, walifika kiasi cha 25,000 mwaka 1954.

Shinikizo lilitoka kila upande. Usiku wanakuja watu wa kiapo: usipokula kiapo, unalala na wasiwasi wa panga. Asubuhi inakuja serikali: usipojiunga na walinzi, wewe ni Mau Mau, na nyumba yako itabomolewa. Machi 26, 1953, huko Lari, wapiganaji walivamia familia za machifu na walinzi, wakaua watu wasiopungua 70, wengi wanawake na watoto. Saa chache baadaye walinzi na askari wakalipiza kwa kuua wengi zaidi. Baada ya Lari, mtu aliyekuwa akisema "mimi simo" hakuwa na pa kusimama.

Kisha ikaja tuzo. Waliohesabiwa watiifu walipata vyeti, na katika uchaguzi wa 1957 Mkikuyu, Membu au Mmeru alihitaji cheti hicho ili apige kura. Mashamba yalipounganishwa na kupewa hati, aliyekuwa kizuizini hakuwapo kudai mpaka wake. Ndiyo maana Kenya swali hili halizungumzwi kwa utulivu: bado lina ekari ndani yake. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alikuwa amepigana Burma kwa sare ya Mwingereza kabla ya kuingia msituni. Katika kijiji kimoja ungeweza kuwakuta wawili waliopigania dola moja, mmoja akawa jenerali wa msitu, mwingine akawa mlinzi wa chifu.

Wazungu wenyewe hawakusumbuliwa na dhamiri?

Wachache, na mara nyingi walipoondoka dola liliendelea bila wao. Carl Peters, ambaye watu walimwita Mkono wa Damu, aliwanyonga mtumishi wake Mabruk na msichana Jagodia kule Kilimanjaro. Alifukuzwa kazi mwaka 1897 baada ya bunge la Berlin kulishupalia jambo hilo. Kenya, mkuu wa polisi Arthur Young alijiuzulu baada ya muda usiotimia mwaka, kwa sababu hakuruhusiwa kuwashtaki waliotesa watu. Namheshimu kwa hilo. Lakini alikuwa na mahali pa kurudi. Jumbe wa Umatumbi alikuwa na Umatumbi tu.

Tuwaite vibaraka au tusiwaite?

Wapo wanaolistahili, nami siwaonei haya: aliyejaza zizi lake ng'ombe wa wajane, aliyemsingizia jirani ili apate shamba lake. Kwa wengine neno hilo linanipa tabu, kwa sababu linamweka mtu mweusi mbele ya kesi na kumwacha aliyemtuma akae nyuma na wasikilizaji. Kodi haikutungwa na akida. Siku 28 za pamba hazikutungwa na jumbe.

Novemba 1, 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, mbele ya kizazi cha Chifu Songea Mbano, akaomba msamaha. Ilikuwa siku nzito. Baada yake kijana mmoja aliniuliza: "Mimi babu wa babu yangu alikuwa askari katika vita ile. Nami nimwombe nani?" Nilimwambia aende Songea, aeleze yeye ni nani, awasikilize. Alikwenda. Alipokewa, akapewa chakula.

Nimegundua kuwa babu wa babu yangu alikuwa askari au akida. Nianzie wapi?

Anza na wazee kabla ya makaratasi. Uliza jina lake la jeshini, kwa maana wengi walibadilishiwa majina. Uliza alikaa boma gani, na kwa nini familia yenu ilihamia mnakoishi sasa. Mara nyingi kuhama huko kunasema zaidi ya cheo. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina mafaili ya Kijerumani, ingawa utahitaji mtu anayesoma hati zao za mkono. Ukiwa Mnubi wa Kibera, Nairobi, yaani kizazi cha askari wa Kisudani wa Mwingereza, historia ya babu zako imo ndani ya mgogoro wa ardhi uliochukua zaidi ya miaka mia, hadi jumuiya ilipopewa hati ya ekari 288 mwaka 2017.

Kisha uliza kuhusu bibi. Askari walioa katika nchi walizozipiga, na wanawake wengi walioishi katika vijiji vya askari walikuwa wametekwa. Huenda mama wa ukoo wenu alitolewa katika kijiji kilichochomwa na mume wake. Ukikuta hivyo, damu ya pande zote mbili imo ndani yako. Uliza jina la bibi huyo, na kwao kuliitwaje, kabla ya kuuliza medali za babu. Ukilipata, liandike siku hiyohiyo.